Ufunguo kwanza, kazi itafuata

Ndugu zangu nyumbani kila nikipiga simu swali ni lilelile, hivi kweli Marekani kuna watu wanalala barabarani? Wapo, tena wengi, na mimi ndio kazi yangu hiyo. Mwaka wa nne sasa niko Seattle, nakaa mapokezi zamu ya usiku kwenye jengo la watu waliotoka kwenye mahema na vibaraza vya maduka, naingia saa 5 usiku natoka saa 1 asubuhi napanda treni kurudi Tukwila nikalale.

Sio shelta, watu wanachanganya sana. Shelta unapewa kitanda, asubuhi unatoka na mzigo wako. Huku kwetu mtu ana chumba chake, mkataba wake, ufunguo wake, kodi analipa asilimia 30 ya kipato chake, na kama hana kipato inakuwa sifuri au karibu na hapo. Chini kuna kesi meneja, yaani mtu wa kufuatilia mambo ya kila mkazi, nesi anakuja siku kadhaa, na kuna dada mmoja yeye ni kuwatafutia watu kazi tu.

Nilivyoanza niliwaza kama wengi wetu, kwamba mtu aache pombe kwanza, atafute kazi, ndio apewe chumba, si ndivyo tulivyolelewa, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kumbe huku walishajaribu hivyo miaka na miaka, watu wakawa wanafia nje wakisubiri kutimiza masharti. Mwaka 1992 kule New York mwanasaikolojia mmoja, Sam Tsemberis, akaugeuza utaratibu, mpe mtu nyumba kwanza, mengine yatafuata akiwa ndani. Hapa Seattle lipo jengo linaitwa 1811 Eastlake, lilifunguliwa 2005, vyumba 75, ni la watu waliozidiwa na pombe na wanaruhusiwa kunywa vyumbani mwao, basi wenye mji walipiga kelele sana. Watafiti wakapiga hesabu wakachapisha 2009: kabla ya chumba mtu alikuwa anagharimu kama dola 4,066 kwa mwezi, jela, hospitali, ambulensi, akimaliza mwaka ndani inashuka mpaka kama 958. Na pombe walipunguza, bila kulazimishwa na mtu.

Hesabu hizo nilizisoma baadaye. Aliyenigeuza mimi ni mzee mmoja (habari zake nimezibadilisha kidogo asitambulike), alikaa nje zaidi ya miaka 10. Siku aliyopewa chumba alishuka saa 8 usiku, nikadhani ana shida, akanionyesha ufunguo tu akapanda zake. Wiki tatu alilala sakafuni karibu na mlango, viatu miguuni, maana nje ukivua viatu ukilala unaamka huna. Kila usiku kama saa 9 anashuka kuniuliza mlango wa nje umefungwa? Namwambia umefungwa mzee wangu, nenda kapumzike. Usiku mmoja akashuka pekupeku, akauliza vilevile, akarudi juu. Nililia pale dawatini, sioni haya kusema.

Ilipita miezi mingi ndio yule dada wa kazi akaanza naye. Kwanza makaratasi. Mzee kitambulisho kiliibiwa zamani, kukipata upya wanataka cheti cha kuzaliwa, cheti kiko jimbo lingine kinakuja kwa posta, posta inataka anwani, na miaka yote hiyo anwani hakuwa nayo. Sasa anayo. Akafanya mtihani wa kadi ya kushika chakula, ile ya kuruhusiwa kufanya kazi jikoni, dola 10, akafaulu. Sehemu ya kwanza aliyoomba kazi walimuuliza miaka yote hii ulikuwa wapi, akasema ukweli, hawakumpigia tena. Ya pili wakamchukua kuosha vyombo.

Halafu akataka kuacha kabla hajaanza, kwa hofu kwamba atanyimwa SSI, ile hela ya serikali ya kila mwezi ya wazee na wenye ulemavu wasio na kipato au wenye kipato kidogo. Hapa wengi wanakwama. Ukweli ni kwamba kila mwezi dola 20 za kwanza na 65 za mshahara hazihesabiwi, zaidi ya hapo kila dola 2 unazopata wanakata 1. Ukipata 885 wanakata 400, inabaki 485 juu ya ulichokuwa nacho, kodi inapanda kidogo lakini bado umesogea. Yule dada alimwandikia hayo kwenye karatasi akaibandika mlangoni kwake. Kinachoniuma ni akiba, ukiwa na zaidi ya dola 2,000 benki, hiyo SSI wanakukatia kabisa, na kiwango hicho hakijapanda tangu 1989! Hiyo ni dhuluma, mtu anayetoka mtaani atajiwekea vipi cha dharura?

Anafanya siku 3 kwa wiki, zamu inaanza saa 11 alfajiri, mimi ndio namgongea saa 10.

Sasa nije kwetu wenyewe. Mwaka jana nimemkuta mmoja wetu, Mswahili kabisa, analala kwenye gari nyuma ya maduka huku Kent, mji wa jirani. Ijumaa anakuja msikitini kanzu imepigwa pasi, nyumbani anatuma hela kama kawaida, hakuna anayejua. Alinishika mkono akaniambia kaka nakuomba usimwambie mtu, wakisikia Tanga mama atakufa. Sijamwambia mtu na hapa sisemi ni nani. Lakini nawaomba nyie mlioko nyumbani, mkiona ndugu yenu majibu yamekuwa mafupi, picha hatumi, msimkimbilie kwa ada na michango, muulize analala wapi. Na wewe uliye huku umekwama, namba ya simu ya kuomba msaada ni 211, bure, wakipokea sema "Swahili" usubiri mkalimani. Yule ndugu tulipiga wote tukiwa ndani ya gari lake, tulisubiri kwenye laini karibu saa nzima. Chumba bado, jina lake liko kwenye orodha, na siku za baridi kali analala sebuleni kwangu.