Penseli tatu, sayari nne: kumbukumbu ya mradi wangu

Wiki ya 1

Filamu za makala kuhusu anga nimeziangalia tangu utotoni, na miaka yote hiyo niliziangalia kama mtu anavyoangalia mvua dirishani: unapendezwa, inakatika, unaondoka. Mwezi huu nikajiuliza swali dogo. Katika yote niliyokwisha kuyaona kuhusu Utaridi, Zuhura na Mirihi, kipi kilipigwa picha kweli na kipi kilitengenezwa na kompyuta? Nikashindwa kujibu hata kwa sayari moja.

Basi mradi ndio huu. Sayari nne za ndani tu, zile za mawe. Daftari moja, penseli tatu. Kijani ni picha halisi, iliyopigwa na kamera iliyokuwa karibu na sayari yenyewe. Bluu ni vipimo vilivyogeuzwa kuwa picha, mfano ramani za rada. Nyekundu ni kazi ya kompyuta. Kila filamu naiangalia mara mbili: ya kwanza kwa starehe, ya pili kidole kikiwa tayari kwenye kitufe cha kusimamisha.

Ukurasa wa filamu ya kwanza umekuwa mwekundu kutoka juu hadi chini, na vistari vinne tu vya kijani.

Wiki ya 2: umbali

Kabla sijafika kwenye sayari yoyote nilikwama kwenye picha ya ufunguzi. Zote zimepangwa foleni kama abiria wanaosubiri basi, zimekaribiana kiasi kwamba Zuhura inaigusa Dunia bega. Nikaamua kujipimia mwenyewe.

Jua nililifanya mpira wa sentimita 14, kwa hiyo kila sentimita moja ni kilomita 100,000. Dunia ikawa kichwa cha pini, milimita 1.3, nikaihesabia mita 15 kutoka kwenye mpira. Zuhura, ambayo karibu inalingana nayo, ikakaa mita 11. Utaridi ni punje ya chumvi kwenye mita 6 kasoro. Mirihi, milimita 0.7, nikaiweka mita 23. Mwezi wetu ulibaki sentimita nne kasoro kutoka kwenye pini yake. Nilisimama penye Mirihi nikageuka nyuma, wala sikuiona pini ya Dunia.

Nawaelewa watengenezaji. Wakifuata vipimo, skrini itakuwa nyeusi tupu na watu watalala. Lakini wangesema basi, hata mara moja.

Jambo jingine nililoliandika pembeni: wasimulizi wengi huiita Zuhura jirani yetu wa karibu kuliko wote. Ni kweli kwamba ndiyo sayari inayotusogelea zaidi, hadi kilomita milioni 40 hivi. Lakini pia kuna nyakati inakuwa ng'ambo ya Jua, mbali kabisa. Ukichukua wastani wa muda wote, jirani wa karibu zaidi ni Utaridi, kwa sababu yenyewe haiendi mbali na Jua. Nilibisha nusu saa nzima na daftari langu kabla ya kukubali.

Wiki ya 3: Utaridi

Filamu ya zamani niliyoipata inaonyesha Utaridi ikizunguka taratibu, duara zima, kasoko kila mahali. Nikaishika penseli ya kijani, kisha nikasita. Ilitengenezwa kabla ya 2008, na kabla ya mwaka huo chombo kilichokuwa kimefika huko ni kimoja tu, Mariner 10. Kilipita mara tatu, 1974 na 1975, na mara zote tatu kilikuta upande uleule ndio unaomulikwa na Jua.

Hilo nililichimba, maana lilionekana kama bahati mbaya ya ajabu. Si bahati. Mariner 10 kililizunguka Jua kwa siku 176 na kurudi palepale. Utaridi huzunguka Jua kwa siku 88, kwa hiyo chombo kilirudi kila baada ya miaka miwili ya Utaridi. Na Utaridi hujizungusha kwenye mhimili wake mara tatu katika kila mizunguko miwili ya Jua, ndiyo maana kutoka macheo hadi macheo pale ni siku 176 za kwetu. Ni hesabu moja: ukirudi baada ya siku nzima ya mahali fulani, unakuta saa ileile na mwanga uleule. Matokeo yake chini ya nusu ya sayari ndiyo ilipigwa picha. Nusu ya duara lililozunguka kwenye ile filamu ilikuwa ya kubuni. Nyekundu.

Aliyeng'amua kwamba chombo kingeweza kurudi tena na tena ni Mwitaliano Giuseppe Colombo, na jina lake la utani, Bepi, sasa limo katika BepiColombo, chombo kilichorushwa Oktoba 2018. Kabla yake chombo kingine, MESSENGER, kilirushwa Agosti 2004 na kuingia kwenye obiti, yaani njia ya kuizunguka Utaridi, Machi 2011. Miaka sita na nusu! Huko ni kuliendea Jua, mvuto wake unakuvuta, na kazi yote ni kufunga breki. Kilipita Dunia mara moja, Zuhura mara mbili na Utaridi yenyewe mara tatu, kila mara kikipunguziwa kasi kidogo.

Picha zake zimenitia matatani. Zipo zile maarufu ambamo Utaridi ina mabaka ya bluu na rangi ya chungwa, nzuri kweli. Kamera ilikuwepo, mawe yapo, ila rangi zimekuzwa ili tofauti za miamba zionekane. Kwa macho ya mtu ingekuwa kijivu, yenye ukahawia kidogo. Niweke penseli gani? Nimeamua: kijani, halafu naizungushia duara la bluu. Mfumo wangu umepata ufa wiki ya tatu tu.

Wiki ya 4, ya 5, na nusu ya 6: Zuhura

Nilipanga wiki moja.

Kwanza, nisahihishe niliyoyaandika mwenyewe. Ukurasa wa 9 unasema "siku ya Zuhura ni ndefu kuliko mwaka wake." Nimeisikia katika filamu tatu. Sayari hujizungusha mara moja kwa siku 243 na mwaka wake ni siku 225, sawa. Lakini inajizungusha kinyumenyume, kwa hiyo aliyesimama pale, kama angeweza kusimama, angeona Jua likichomoza kila baada ya siku 117. Kuna siku mbili tofauti hapo na msimulizi hasemi anazungumzia ipi. Nimekata mstari.

Pili, mvua. Kila filamu ina mvua ya asidi inayopiga miamba, na radi juu yake. Mawingu ya asidi yapo kweli, ila matone huyeyuka yakawa mvuke yangali juu mno. Chini kuna joto la nyuzi 465 hivi, na mgandamizo wa hewa zaidi ya mara 90 ya wetu. Hakuna tone linalogusa ardhi. Nyekundu, nyekundu, nyekundu.

Tatu, kijani. Picha zote zilizowahi kupigwa juu ya ardhi ya Zuhura zinatoka kwenye vyombo vinne vya Kisovieti: Venera 9 na 10 vya 1975, na Venera 13 na 14 vya 1982. Basi. Venera 13 kilivumilia dakika 127 kabla ya kuzidiwa. Venera 11 na 12 vilifika salama, 1978, lakini vifuniko vya kamera vikagoma kufunguka. Hebu fikiria: umesafiri miezi, umepenya mawingu ya asidi, umetua, halafu umezibwa macho na kifuniko. Cha Venera 14 kilifunguka vizuri, kikaanguka palepale ambapo mkono wa kupima ugumu wa udongo ulikuwa ushuke. Mkono ukapima kifuniko. Nilicheka peke yangu usiku, halafu nikawahurumia.

Zile picha nimezitazama muda mrefu kuliko filamu nzima. Mawe bapa, ukingo wa chombo chenye meno, kipande cha upeo wa macho pembeni. Hazina muziki na hazisogei.

Nne, mlima. Maat Mons. Umeuona hata kama hulijui jina: mlima mkali wa rangi ya chungwa, lava imetapakaa mbele, mbingu nyeusi nyuma. Unatokana na rada ya chombo Magellan, kilichopima karibu sayari yote kati ya 1990 na 1994, maana kamera ya kawaida haipenyi mawingu yale. Kwa hiyo bluu, nilidhani nimemaliza. Kumbe toleo la kwanza la picha hiyo limenyooshwa kwenda juu mara 22.5! NASA waliandika hivyo kwenye maelezo. Filamu huchukua picha na kuacha maelezo. Nilichora mwenyewe kwa rula: kilima kilicholala, mteremko ambao ungeupanda bila kujua unapanda. Hata rangi ya chungwa imeazimwa kwenye picha za Venera 13 na 14, si ya rada.

Lakini nisiwe mnafiki. Mlima huohuo, vipimo hivyohivyo vya Magellan, ndivyo wanasayansi Robert Herrick na Scott Hensley walivyovirudia, wakalinganisha rada ya Februari 1991 na ya Oktoba mwaka huo. Tundu moja la volkano pale lilikuwa limepanuka na kubadilika umbo. Walichapisha 2023. Kwa miaka thelathini ushahidi kwamba volkano za Zuhura bado zinafanya kazi ulikuwa umelala ndani ya vipimo, wakati sisi wengine tunatazama mlima ulionyooshwa.

Dunia

Filamu hazina la kusema, zinairuka. Kipande kimoja tu kilinivutia: Desemba 1990 chombo Galileo, kikielekea Mshtarii, kilipita karibu nasi, na mwanaastronomia Carl Sagan na wenzake wakakitumia kuipima Dunia kana kwamba hawaijui, waone kama kitagundua uhai. Kiligundua oksijeni nyingi, methani, na mawimbi ya redio yasiyoweza kuwa ya asili. Kijani na bluu, ukurasa nusu.

Wiki ya 7 na ya 8: Mirihi

Hapa kijani kimejaa hadi penseli imefupika. Kamera zimekuwa pale kwa miongo. Tatizo la Mirihi ni rangi na maneno.

Rangi: chombo Viking 1 kilitua tarehe 20 Julai 1976, na picha ya kwanza ya rangi ikatolewa ikiwa na mbingu ya kibluu kama ya kwetu. Baadaye vipimo viliporekebishwa ikageuka ya rangi ya vumbi. Machweo ndiyo yenye bluu, karibu na Jua, kwa sababu ya vumbi laini hewani.

Maneno: kigari Opportunity, kilichotengenezewa siku 90 za Mirihi, kikadumu tangu 2004 hadi 2018 na kutembea zaidi ya kilomita 45. Filamu moja ilikifanya kiage kwa kusema betri yangu imekwisha na giza linaingia. Hakikusema hivyo. Kilituma vipimo vya umeme na vya ukungu wa vumbi, na mwandishi wa habari akavitafsiri kwa lugha ya binadamu. Mimi nililia kwenye sehemu hiyo mwaka juzi. Nimeiandika kwa nyekundu, kwa shingo upande.

Halafu kikaja kilichonivurugia mpango. Julai 1965 chombo Mariner 4 kilipopita Mirihi, picha zilifika Duniani kama tarakimu, polepole mno. Wahandisi hawakuwa na subira ya kungoja kompyuta. Walichapa namba kwenye vipande vya karatasi, wakavibandika ukutani, na kupaka kila namba rangi kwa chaki. Picha ya kwanza ya Mirihi kutoka chombo cha anga ni mchoro wa mkono. Ni kijani, kwa kuwa kamera ilikuwepo? Bluu, kwa kuwa ni namba? Nyekundu, kwa kuwa ni mkono wa mtu? Nimetumia zote tatu, na sijaridhika.

Jana

Nilianza filamu ya Perseverance, kigari kilichotua Mirihi Februari 2021 na maikrofoni mbili. Kuna upepo humo, upepo wenyewe wa Mirihi, unavuma hafifu kwa sababu hewa ni nyembamba. Sekunde chache baadaye wakauwekea ngoma na vinanda juu yake, na sikujua tena nasikia nini. Nikarudisha nyuma, nikaisikiliza mara sita, nikitafuta upepo unaishia wapi na studio inaanzia wapi.

Sina penseli ya sauti. Leo nimenunua ya zambarau, na itabidi nianze upya kutoka filamu ya kwanza.