Kitambaa cha kuchujia ulanzi

Mteja wa kwanza siku ile hakumeza. Alisogeza kopo puani, akalirudisha mezani taratibu, akasema, "Mama, ulanzi wako leo unanuka saluni." Kisha akaaga kwa heshima, akatoka. Wengine walifuata mmoja mmoja, na hadi saa kumi kilabu chetu kilikuwa kitupu.

Ilikuwa mwezi wa tatu, kijijini kwetu Kilolo, mkoani Iringa. Mvua inanyesha kila siku na mianzi inatoa bila kuchoka maji yanayochachuka kuwa pombe yetu, ulanzi. Kwa mama, hiyo ndiyo miezi ya kutafuta ada yangu.

Nikanusa mwenyewe. Siki tunaijua: ulanzi ukilala siku kadhaa unachachuka, na wapo wanaoupenda hivyohivyo. Hii ilikuwa harufu nyingine, kali, inapanda hadi machoni, kama ile dawa ya kufutia rangi ya kucha. Madumu mawili ya lita 20, yote yako hivyo.

Majirani wakaanza kusema yao. Mianzi imezeeka. Mvua imezidi. Kuna mtu ametupa jicho. Mama hakubishana na yeyote. Alfajiri ya kesho yake aliniamsha, tukaingia shambani.

Mwanzi wa ulanzi hukatwa kichwa ungali mchanga, ukafungiwa mbeta, yaani kipande cha mwanzi kinachopokea maji yake. Asubuhi na jioni mgemaji hurudi kukwangua pale juu kwa kisu kikali, apunguze kidogo sana, ili utomvu usizibe. Mama alishusha mbeta moja baada ya nyingine, akinusa, kisha akinipa na mimi ninuse. Mtogwa mtupu, yaani ulanzi mbichi! Utamu, harufu ya majani mabichi, na povu jeupe likichezacheza mdomoni mwa mbeta. Moja tu ilikuwa na nzi waliozama, hiyo akaimwaga.

"Huku kuko salama," akasema. "Ubovu uko nyumbani."

Tulipofika aliniagiza nichemshe maji, akaosha chupa tatu. Ya kwanza akaitia mtogwa moja kwa moja kutoka kwenye mbeta. Ya pili akaimimina kupitia kitambaa chetu cha kuchujia. Ya tatu akaipitisha kwanza ndani ya dumu tulilokuwa tunalitumia. Zote alizijaza nusu tu, kwa makusudi, kwa sababu ulanzi unaoachiwa hewa nyingi ndio unaowahi kuharibika. Wa kuuza hujazwa mpaka shingoni, na kifuniko kikalegezwa ili upumue. Akafunga uzi kwenye shingo za chupa: fundo moja, mawili, matatu. Mama aliishia darasa la saba. Baadaye nimesoma sayansi miaka mingi, na jaribio lile bado nalihesabu miongoni mwa yaliyo safi kabisa niliyowahi kuona.

Siku ya pili asubuhi tulifungua. Fundo moja: safi. Matatu: uchachu kidogo. Mawili: ile harufu ya saluni, ikanipiga usoni kabla sijainama.

Kitambaa kilikuwa kazi yangu. Kila jioni nilikisuuza kwa maji baridi, nikakitundika nyuma ya mlango wa jikoni, gizani. Mama alikitandaza mezani, akafumua pindo kwa wembe. Ndani mlikuwa na ute wa rangi ya maziwa, unateleza vidoleni, na vinzi vidogo vile vya kwenye ndizi mbivu vikaruka. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Hakunigombeza. "Kitambaa kinachemshwa, kinaanikwa juani," akasema. "Na hakishonwi pindo." Kisha akakitia kwenye moto.

Mchana alipita jirani mmoja. "Kamwene, mama. Nasikia una ulanzi ulioharibika. Usiumwage, niuzie nikaupike gongo. Harufu itabaki kwenye pipa."

Kupika gongo kulikatazwa na sheria, na mama alikuwa mwoga wa sheria. Lakini alilomjibu lilikuwa jingine: "Hiyo harufu ndiyo itakayotangulia kutoka."

Nilikuja kuelewa nikiwa kidato cha sita. Asidi ya siki huchemka kwenye nyuzi 118, kwa hiyo nyingi ingebaki pipani kweli. Ila ikiungana na pombe huzaa kitu kingine, ethili asetati, chenye harufu ileile ya saluni, na hicho huchemka kwenye nyuzi 77, wakati pombe ni 78. Vinapanda pamoja, na matone ya kwanza ndiyo yanayokibeba kwa wingi. Mama hakuwa na namba hizo. Alikuwa na pua.

Jirani aliongeza bei mara mbili. Mama akatikisa kichwa. Jioni tulibeba madumu yote mawili hadi kwenye shimo la taka, mimi nikishika mdomo, yeye akiinua kitako. Lita 40, ada yangu karibu yote. Dumu la pili lilikuwa halijaisha, na vile vinzi vilishafika.