M67 imekubali, na ni kwa Excel

Wakuu, M67, ile namba ya Mersenne (2 ikizidishwa mara kadhaa, kisha ukatoa 1), imekubali kugawanyika katika vigawo vyake: 193707721 × 761838257287 = 147573952589676412927, yaani 2^67 toa 1. Nimeipata kwa makro ya Excel (programu ndogo inayoandikwa ndani ya Excel yenyewe), kwenye kompyuta ya stationery ninakofanya kazi hapa Nkuhungu, Dodoma. Bosi hataki kusikia habari za kuweka programu mpya, kwa hiyo msinianze na Python. Najua ingemaliza kabla sijakohoa.

Kilichonisumbua ni tarakimu 15. Excel haishiki zaidi ya hapo. Andika M67 kwenye seli, inakurudishia 147573952589676000000. Weka =2^67-1, ile 1 inamezwa, unabaki na 2^67 kavu. Sasa hiyo itagawanyika vipi kwa namba witiri? MOD (fomula ya kutafuta baki) kwa vigawo vidogo inatupa kosa la #NUM!, ukizunguka na INT (ya kukata desimali) unaletewa baki za ajabu bila onyo lolote. Hiyo ndiyo inayoniudhi: inadanganya kwa adabu.

Dawa ni kutoiandika M67 kabisa. Chukua kigawo unachokijaribu, q. Anza na 1, zidisha kwa 2, ikifika q au kuipita toa q, rudia mara 67. Ukiishia na 1, q ni kigawo, maana 2^67 ikibakisha 1, 2^67 toa 1 haibakishi kitu. Njia ya kuzidisha baki kwa yenyewe (kipeo cha pili) ina hatua chache, lakini baki ya milioni mia na kitu ikijizidisha yenyewe inafika tarakimu 17, umerudi kulekule. Kuzidisha kwa 2 hakuvuki 2q.

Chukua q = 193707721. Hatua ya 27 ni 134217728, bado ndogo. Ya 28 ni 268435456, toa q, 74727735. Inapanda na kushuka hivyo hadi ya 66: 96853861. Zidisha kwa 2, 193707722. Toa q. Moja! Nilipiga meza, mteja wa fotokopi akashtuka.

Vya kujaribu ni 134k + 1 tu (134 ni 2 × 67, k ni namba nzima), k ikigawanywa kwa 4 ibaki 0 au 1. Jibu liko k = 1445580, kwa hiyo vya kujaribu ni laki saba na ushee. Makro inatunza k kwenye seli na kusevu kila baada ya elfu kumi, maana umeme wa mtaa huu mnaujua. Mwanahisabati Mfaransa Lucas alijua tangu 1876 kwamba si namba tasa, ila vigawo hakuwa navyo. Mmarekani Cole alivitoa 1903, na husimuliwa zilimla Jumapili za miaka mitatu.

Sasa nimeshaingia M71, yaani 2^71 toa 1. 228479 imetoka k = 1609 tu, kufumba na kufumbua; vigawo vilivyobaki ni 48544121 na 212885833. M257 siigusi: kigawo chake kidogo kabisa ni 535006138814359, k inapita trilioni, na bosi ameshaanza kuuliza kwa nini fotokopi zinachelewa.