Siku moja nyuma ya mizani: Jumanne ya muuza nafaka Mbeya

Ninauza mchele na maharage kwenye soko moja hapa Mbeya. Mimi ni Mmoravian, muumini wa Kanisa la Moravian, kwanza kwa kuzaliwa na baadaye kwa kuamua mwenyewe. Watu wakiniuliza imani yangu inafanya kazi gani kati ya Jumapili na Jumapili, wengi hutegemea niwaeleze habari za maombi na kwaya. Hayo yapo. Lakini mahali Mungu anaponihoji zaidi ni pale kwenye meza yangu ya kupimia, na ndiyo maana nimeona niandike Jumanne ya wiki hii jinsi ilivyokwenda.

Saa 10:30 alfajiri

Juni ya Mbeya ina baridi ya kukata mifupa. Mji wetu uko mita zipatazo 1,700 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi kama hizi hata maji ya ndoo yanachoma vidole. Nawasha jiko, nabandika chai, na wakati maji yanachemka nasoma neno la siku.

Sisi Wamoravian tunashika sana desturi hii. Ilianza Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1728, pale Zinzendorf, kiongozi wa Wamoravian wa wakati ule, alipoanza kuwapa waumini mstari mmoja wa kwenda nao siku nzima, na kitabu cha kwanza kilichochapwa kilikuwa cha mwaka 1731. Wamisionari waliofika Rungwe mwaka 1891 walikuwa watu wa desturi hiyo hiyo. Mama yangu alikuwa akitusomea tukiwa tumejifunika blanketi karibu na moto, nami nawasomea wanangu wakiwa wanafunga kamba za viatu. Hakuna mahubiri. Mstari, sala fupi, chai, kila mtu njia yake.

Saa 1:00 asubuhi

Nafungua kibanda. Kijana anayenisaidia ananisalimu, "Shikamoo mama, Bwana asifiwe," anaanza kutoa magunia nje. Mimi naanza na mizani. Naipangusa vumbi, natazama mshale kama umesimama kwenye sifuri, kisha naweka jiwe la kilo moja nione linasomaje. Stika ya Wakala wa Vipimo nimeiacha upande wa mteja aione, maana mizani ya biashara inatakiwa kuhakikiwa kila mwaka, na mteja ana haki ya kujua kama yangu imehakikiwa.

Baada ya hapo nashika sado, lile kopo la plastiki la lita nne. Wakala wanatuhimiza tuachane na makopo tuuze kwa mizani, na mimi naona wana haki kabisa. Ila akina mama wengi wa hapa wamezoea sado na wanapiga hesabu ya chakula cha nyumbani kwa sado, kwa hiyo ninalo moja, na kila asubuhi naingiza mkono mpaka chini kulipapasa kitako.

Asiyefanya kazi hii huenda hajui kwa nini. Kitako cha sado kikipashwa moto kidogo hulainika, ukikisukuma kinaingia ndani na kukaa hivyo hivyo. Kwa juu kopo ni lile lile. Kwa ndani limepungua, na kila anayenunua anaondoka bila konzi kadhaa za maharage aliyoyalipia. Sokoni jambo hili linajulikana, na ukilisema unaonekana mshamba. Kijana wangu nilimweleza siku aliyoanza kazi: hapa mteja akitaka kuingiza mkono kwenye sado, mwache aingize.

Saa 3:00 asubuhi

Saa hizi ndizo za wateja wa rejareja. Anakuja bibi mmoja ambaye nimemzoea, ananunua maharage ya kablanketi, sado moja, kwa ajili ya wajukuu anaoishi nao. Namsalimu kwa Kinyakyusa, "Ugonile, bibi," anacheka, tunaulizana habari za nyumbani.

Nataka mtazame mkono wa mtu anayepima. Ukilaza sado kidogo na kumimina taratibu, punje zinakaa zimelegea, zimeacha nafasi katikati yake, na kopo linaonekana limejaa mpaka juu. Ukilipigapiga mezani mara mbili tatu, maharage yanashuka karibu upana wa kidole. Ukishindilia kwa kiganja yanashuka tena. Hapo ndipo unapoongeza, unaweka kilele, mpaka punje zinaanza kuteleza pembeni.

Yesu aliijua kazi hii. Luka 6:38 imeandikwa, "kipimo cha kujaa na kushindiliwa, na kusukwa-sukwa hata kumwagika." Nimesikia mstari huo ukihubiriwa mara nyingi wakati wa sadaka, kana kwamba unahusu bahasha tu. Mimi nausoma kama muuza nafaka, nao unanieleza hatua kwa hatua namna ya kumpimia yule bibi: jaza, shindilia, sukasuka, acha imwagike. Kisha unaendelea kusema kwamba kipimo kile kile nipimacho ndicho nitakachopimiwa. Kwa mtu anayeshinda na kopo mkononi, hayo ni maneno mazito.

Bibi ameshika kingo za mfuko wake, anatazama kilele kinavyopanda. Anasema, "Ndaga fijo, mwanangu," yaani asante sana. Hakuniomba nyongeza.

Saa 5:00 asubuhi

Anafika bwana mmoja aliyevaa vizuri, anayenunua chakula kwa ajili ya taasisi fulani. Anataka mchele magunia ya kutosha kunimalizia stoo. Tunakubaliana bei vizuri, anaupenda mzigo. Kisha anasogea karibu na kuniambia kwa sauti ya chini kwamba risiti niiandike kwa bei ya juu kidogo kwa kila kilo, na ile tofauti "tutaelewana".

Namwambia, "Kaka yangu, nitakuandikia bei uliyonunulia." Anatabasamu, anasema kila mtu anafanya hivyo. Namwambia najua. Anajaribu tena, ananikumbusha kwamba mwezi ujao atarudi, na mwezi utakaofuata pia. Nami nina ada ya kidato cha tatu ya kulipa Julai, na stoo ina mchele wa mtaji niliokusanya kwa shida. Nikasema hapana. Alikwenda kibanda cha mbele kidogo, na kabla ya saa sita nikaona mkokoteni wa magunia unatoka huko.

Iliniuma, na bado inaniuma ninapoandika. Ndiyo maana sipendi mahubiri yanayoahidi kwamba ukiwa mwaminifu biashara itapaa na adui zako watashangaa. Yanawafanya watu waone haki kama mbinu nyingine ya kutafuta faida, na siku faida isipokuja, wanaiacha. Ninaoshikamana nao mimi ni wale vijana watatu wa kitabu cha Danieli mbele ya tanuru. Walisema Mungu wao aweza kuwaokoa, kisha wakaongeza, "Bali kama si hivyo," hawatainamia sanamu ya mfalme. Kwangu hilo "bali kama si hivyo" ndilo linaloniwezesha kusimama siku ambayo stoo imebaki imejaa. Fedha za taasisi zile ni za watu, na chakula kile ni cha watu, na mwisho wa yote upungufu unaishia kwenye sahani ya mtu asiye na wa kumsemea. Siwezi kutia sahihi jambo hilo halafu jioni nikafungua kinywa kuomba.

Saa 7:00 mchana

Ugali, maharage, mboga ya majani. Nakula na jirani yangu wa kibanda cha kushoto, Mwislamu, mama mwenye akili ya biashara kuliko wengi wetu. Tunaangaliana vibanda, mimi Ijumaa anapokwenda kuswali, yeye ninapokuwa na msiba au semina ya kanisa. Nikamsimulia habari ya risiti. Akanikumbusha sura ya 83 ya Kurani, inayoanza na ole kwa wanaopunja watu katika vipimo. Nami nikamtajia Amosi sura ya 8, anavyowakemea wafanyabiashara wanaopunguza kipimo, kuongeza bei na kuuza takataka za ngano. Tukakaa tunatikisa vichwa.

Tulipokuwa tunanawa mikono alikuja dada anayeuza dagaa upande wa pili, macho mekundu. Ana mkopo wa kausha damu. Wanaoishi mjini wanaijua hii mikopo: unapewa haraka, bila maswali, kisha marejesho ni ya kila siku au kila wiki, na ukichelewa wanakuja kubeba kitanda na runinga. Leo ilikuwa siku ya rejesho na dagaa hawakutoka.

Sisi wanawake kadhaa wa soko hili, wa makanisa mbalimbali pamoja na huyu jirani yangu, tuna kibubu. Kila Jumamosi tunaweka kidogo, na kazi yake ni moja, kumkopesha mwenzetu aliyebanwa bila riba. Torati inakataza kumtoza riba maskini wa jamaa yako, nasi tukaona hilo tunaliweza bila kusubiri mfadhili. Tukashauriana hapo hapo, tukampa ya rejesho. Tulimpa kwa sharti moja, asikope tena huko kabla ya kuja kwetu, na tukapanga kukaa naye Alhamisi tutazame deni lote lilivyo. Kumwombea tulimwombea pia, kwa kifupi, tumesimama kati ya ndoo za dagaa. Naamini sala hiyo ilikuwa na nguvu zaidi kwa kuwa pesa ilishakuwa mkononi mwake.

Saa 9:00 alasiri

Mteja mgeni, anapita kwenda Dar es Salaam, anataka mchele wa Kyela. Kila msafiri anautaka, kwa harufu yake. Bei yake iko juu, na ndiyo maana uchakachuaji wake ni mwingi: mchele wa kawaida unachanganywa na wa Kyela kidogo ili gunia linukie, kisha unauzwa wote kwa jina moja. Wangu wa Kyela ulikuwa umebaki kidogo sana. Nikamwambia huu ndio wa Kyela, kilo chache tu, na ule pale ni wa Mbarali, mzuri, unapikika, ila si wa Kyela. Akachukua yote miwili, kila mmoja kwenye mfuko wake, nikaandika majina juu kwa kalamu.

Saa 12:00 jioni

Ibada ya nyumba kwa nyumba. Leo ilikuwa kwa mzee anayeugua miguu. Tuliimba nyimbo mbili, tukasoma, tukaomba, wengine wakabaki kumchotea maji na kumkatia kuni. Niliondoka mapema kwa kuwa mtoto alikuwa peke yake.

Saa 3:00 usiku

Watoto wamelala. Nafungua daftari. Mauzo ya leo hayakuwa mazuri, na ningekuwa mwongo nikisema sikupiga hesabu ya yale magunia yaliyokwenda kibanda kingine. Nimetenga fungu la kumi, nimetenga ya kibubu, nimetazama madeni ya walimu wawili wanaolipa mwisho wa mwezi.

Simu ikaita. Dalali wa maharage kutoka Umalila. Ana furaha, anasema, "Mama, wiki hii nimekushindilia vizuri, gunia la debe saba kwa bei ya debe sita." Yaani lumbesa, gunia lililojazwa kupita kipimo. Sheria inasema gunia lisizidi kilo 100, lakini mkulima mwenye shida ya fedha hana ubavu wa kubishana na mwenye gari, basi debe la saba linatoka kwake bure. Kumbukumbu la Torati sura ya 25 inamkataza mtu kuwa na jiwe kubwa na jiwe dogo la kupimia, kubwa la kununulia na dogo la kuuzia. Mimi nikiwapimia wateja kwa haki huku nimempunja aliyelima, bado nina mawe mawili.

Nikamwambia dalali kwamba magunia yote yatapanda kwenye mizani yangu, na nitalipa kila kilo itakayosomeka, lakini hiyo ya ziada nataka imfikie mkulima. Akanyamaza. Akauliza nitajuaje kama imemfikia. Nikamwambia aje naye sokoni, apande gari hilo hilo la mzigo, tupime akiona, nami nimlipe mkononi. Alilalamika kidogo kuhusu nafasi kwenye gari, mwisho akakubali. Wanafika kesho saa mbili.