Gari la kuvuta trela ya farasi
Nimezunguka miezi mitatu natafuta gari la kuvuta trela, na kitu nimeona ni watu wanaangalia nguvu ya kupanda mlima tu, kushuka wanasahau. Farasi mmoja ana kama kilo 500, weka wawili na trela yenyewe kilo 900 hivi, tayari uko karibu tani 2, sasa teremka nayo Mai Mahiu ukienda Gilgil na gari jepesi, trela ndo inakusukuma wewe! Na farasi hatulii kama saruji, anahama huku na huku. Mimi nimechukua Prado ya dizeli ya zamani, chasi ngumu, spea ziko kila mahali. Nilikagua rejeta, gia boksi na breki kwanza, rangi hata sikujali.