Nilivyoongeza amri ya kutoa picha mnato kwenye menyu ya kompyuta yangu

Kazi yangu hapa Wete ni kurekodi harusi, upande wa wanawake, na karibu kila mkanda, kama tunavyouita bado, hurudi na ombi la picha. "Mwanangu, nitolee pale ninapompachika bi arusi kikuba," bibi mmoja aliniambia. Nilizoea kuifungua video katika VLC, programu ya kutazamia video, kuisimamisha, kubonyeza Shift na S, kisha kuisaka picha katika folda nyingine kabisa. Kwa picha moja si tabu. Kwa picha thelathini ni asubuhi nzima.

Natumia Xubuntu, aina mojawapo ya Linux, na mafaili yake hufunguliwa kwa Thunar, programu inayomruhusu mtumiaji kuongeza amri zake mwenyewe katika menyu inayojitokeza faili linapobofywa kwa kitufe cha kulia cha kipanya. Amri yangu niliiita "Toa picha", nikaagiza ionekane kwa mafaili ya video pekee, nikaiandikia hati fupi ya amri (script) inayoniuliza kwa Zenity, programu ya kuonyesha visanduku vya maswali, saa, dakika na sekunde ninayoitaka, kisha kuituma FFmpeg, programu ya kuchakata video, itoe fremu moja tu na kuihifadhi kando ya video. Alama ya %f ndiyo inayolipeleka kwenye hati faili nililolibofya.

Mwanzoni nilingoja mno, kwa sababu -ss, inayotaja wakati, niliiweka baada ya -i, inayotaja faili, na FFmpeg ikawa inaisoma video tangu mwanzo mpaka kufika hapo. Nilipoitanguliza -ss, picha ilitoka papo hapo.

Kosa lililonisumbua zaidi lilikuwa la kimya: picha ya kwanza ilitoka, ya pili haikutoka, wala hapakuwa na ujumbe wowote. Nilipoiendesha hati ileile katika teminali ndipo nilipoona kwamba FFmpeg, ikikuta jina la faili limeshatumika, huuliza kama iandike juu yake, na amri inayotoka kwenye menyu haina pa kujibia, basi huacha. Nikautia wakati katika jina la picha. Nilidhani nimemaliza, mpaka niliponakili picha kwenye flashi ya mteja iliyokuwa ya FAT32, mfumo wa kupanga mafaili ambao haukubali nukta mbili katika majina. 01:12:40 sasa huandikwa 01-12-40.

Bibi alipata picha yake ya inchi 6 kwa 4. Aliitaka kubwa, ya ukutani, lakini video ni ya pikseli 1920 kwa 1080 tu, nikamwonyesha ukungu wake kwenye skrini kabla hajatoa pesa.