Kutoka Sunnegga hadi Zermatt: njia moja, mara nne

Mara ya kwanza ilikuwa Agosti. Shangazi yangu anaishi Uswisi, mji wa Visp, bondeni, saa moja na ushei kwa treni kabla ya kijiji cha Zermatt. Mimi nimezaliwa Marangu, nikadhani milima naijua. Kibo inauzidi mlima wa Matterhorn kwa zaidi ya mita 1,400, lakini Kibo imekaa imetulia kama mzee aliyejifunika shuka jeupe, na huu wenye mita 4,478 umesimama wima peke yake, ncha imepinda kidogo. Nilipotoka stesheni nilisimama katikati ya barabara nikiutazama, wala sikupigiwa honi. Magari ya mafuta hayaruhusiwi Zermatt, wageni huyaacha Täsch, kijiji cha kabla yake. Kijijini vinapita vigari vya umeme, na watu kwa miguu.

Tulipanda hadi Sunnegga, mita 2,288, kwa treni ya kamba inayopita ndani ya handaki. Huko juu vibao vya njano vinaonyesha njia, na badala ya kilomita vimeandikwa muda wa kutembea bila kupumzika. Kila kona nikawa natazama saa, nisije nikashindwa na kibao.

"Mwanangu, kibao hakikudai kitu," shangazi akasema. "Kaa, ule."

Tukala kando ya ziwa dogo la Leisee, watoto wakichezea maji. Huko chini mnyama mmoja anayefanana na pimbi alipiga mluzi, wenzake wote wakazama mashimoni.

Lakini kilichonishika hasa ni maghala ya Findeln, kitongoji kilicho njiani. Ni vijumba vya magogo, jua la miaka mingi limeyachoma hadi yakawa meusi, vimeinuliwa juu ya miguu mifupi ya mbao. Kati ya kila mguu na ghala wamelaza jiwe bapa la duara, pana kama ungo. Panya akipanda mguu, anakutana na jiwe juu ya kichwa chake na hana pa kushika. Nilipitisha kiganja chini ya jiwe moja: baridi, na linakwaruza. Watu walilima nafaka huku, zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, na punje waliyoivuna hawakukubali ipotee. Bibi yangu angeyaelewa maghala haya bila kuelezwa.

Oktoba nikarudi peke yangu, na ukiniuliza mimi, huo ndio mwezi wa kwenda. Kuna mti wa jamii ya misonobari, Wajerumani wanauita Lärche, ambao tofauti na ndugu zake hupukutisha majani. Kabla ya kupukutika, mlima mzima unakuwa wa dhahabu. Vijani vyenyewe ni vyembamba kama sindano, laini, na vilikuwa vimetanda njiani kama unga wa mahindi ya njano uliomwagika. Hatua zangu sikuzisikia. Jua lilipojificha nyuma ya mlima baridi ilishuka ghafla, nikafika kijijini vidole vimekufa ganzi.

Januari njia za miguu zina vibao vya waridi, na mashine hupita kuishindilia theluji. Nilivaa viatu vilevile vya Oktoba, bila vyuma vya kushika barafu. Chini kidogo ya Findeln, kwenye kona yenye kivuli, niliteleza nikaangukia kiwiko. Mama mmoja mzee aliyekuwa akipanda na fimbo zake mbili alininyanyua, akanionyesha nyayo zake: zimevikwa mnyororo wenye meno. Siku ileile nilinunua vyangu. Usiende bila hivyo, hata kama mbingu ni ya buluu na njia inaonekana tambarare.

Mwishoni mwa Mei tulikwenda tena na shangazi, safari hii tukipanda kwa miguu kutoka kijijini. Wageni wa theluji wameondoka, wa kiangazi hawajaja, hoteli nyingi zimefungwa. Kwenye vivuli theluji ilikuwa bado, na pembeni yake maua meupe na ya zambarau yametoboa nyasi zilizolala. Shangazi sasa anapumua kwa shida mlimani. Tulisimama mara nyingi, na saa sikuitazama. Karibu na maghala alilishika tawi la ule mti, akachuma vijani vichanga viwili, kimoja akatia mdomoni, kingine akanipa.

"Tafuna."

Vilikuwa vichachu, kama ndimu.